Kanisa la Kijijini Huvunjwa kwa Mchango wa Mjini

Mhadhara uliotolewa Kirumba, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie makanisa ya zamani ya Kilutheri ya vijijini, jinsi yalivyojengwa na jinsi yanavyoweza kutunzwa. Ndugu mmoja kaniuliza mlangoni kwa nini mada ya vijijini iletwe Kirumba, kata ya mjini yenye uwanja wa mpira, soko la dagaa na nyumba zilizopandana juu ya mawe. Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba kanisa la kijijini huamuliwa mjini. Wengi wenu mlio mbele yangu mmetoka Bukoba, Muleba, Karagwe, Moshi, Singida. Mna usharika wa hapa na mna usharika wa nyumbani. Desemba ikikaribia, kadi za mchango zinafika, na juu ya kadi kuna picha iliyochorwa kwa kompyuta: minara miwili, bati la rangi ya bluu, vioo vinavyong'aa, magari yameegeshwa mbele kama ukumbi wa harusi. Mnachanga, na mnafanya vema kuchanga. Lakini ni wachache wanaouliza jengo hilo litasimama wapi. Mara nyingi litasimama palepale lilipo kanisa la babu zenu, maana kiwanja ni kimoja.

Nitasema mapema ninachoamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutayarisha maswali. Mchwa hula kanisa polepole, mvua hulilowesha polepole, na vyote viwili vina dawa. Kinachoondoa kanisa la zamani kwa wiki moja ni usharika wenye afya njema, waumini wengi na fedha iliyokwisha kukusanywa. Sadaka ndiyo inayovunja.

Turudi nyuma kidogo. Ulutheri ulifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 wamisionari wawili wa misheni ya Betheli, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo Mlalo, katika milima ya Usambara, wakakiita Hohenfriedeberg. Mwaka huohuo watu wa misheni ya Berlin waliingia nyanda za juu za kusini, na mwaka 1893 misheni ya Leipzig ikaanza Machame. Huku ziwani tulichelewa. Ni mwaka 1910 ambapo Johanssen yuleyule wa Mlalo, akiwa amekwisha kupita Rwanda, alifika Bukoba. Naye hakukuta uwanja mtupu. Kulikuwa na Wahaya waliokuwa wakisoma vitabu vya Kiganda kutoka Uganda, wakikutana na kusali wenyewe bila mchungaji wa kuwasimamia. Jambo hili nalipenda kuliko tarehe zote nilizozitaja, kwa sababu linatuambia kwamba upande huu wa ziwa msomaji alitangulia, mmisionari akafuata, na jengo likaja mwisho.

Kisha vikaja vita viwili vya dunia. Mara mbili Wajerumani waliwekwa kizuizini au kurudishwa kwao, na mara mbili vituo vikabaki kwa walimu na wainjilisti wa hapahapa. Ni wao waliopanda juu kubadilisha bati lililotoboka, wakaziba nyufa na kupiga kengele Jumapili hata pasipokuwa na mshahara. Kwa hiyo akija mtu, na huwa anakuja, akasema majengo haya ni mabaki ya ukoloni na yaende zake, mimi humuuliza: matofali yalifyatuliwa na nani? Kuni za kuchomea zilibebwa kwa kichwa cha nani? Mchoro ulikuwa wa mgeni, hilo sikatai, na pengine kazi nyingine haikulipwa ipasavyo, nalo liandikwe katika historia ya usharika bila kupambwa. Lakini jasho lililomo ukutani ni la kwenu, na mtu havunji jasho la bibi yake ili kumkomoa Mjerumani aliyekwisha kufa.

Pwani ya kusini ya ziwa letu inajua maana ya kutobaki na kitu. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti wa misheni ya Kianglikana, alifukuzwa Buganda akahamia Usambiro, ng'ambo huku ya kusini, akafariki hapo Februari 1890. Hata mifupa yake baadaye ilihamishiwa Namirembe, Kampala. Leo ukimtajia kijana wa Mwanza jina la Usambiro atakutazama tu. Namirembe yenyewe ilikuwa na bahati mbaya ya majengo: moja liliangushwa na dhoruba, jingine likapigwa radi na kuungua mwaka 1910, na kanisa la matofali mnaloliona leo juu ya kilima likakamilika mwaka 1919. Wao walipoteza makanisa kwa upepo na moto. Sisi tunayapoteza kwa azimio la mkutano mkuu.

Sasa niwaingize ndani ya jengo lenyewe, maana huwezi kumtetea mtu usiyemjua.

Kanisa la Kilutheri la kijijini, lile la miaka ya Wajerumani na hata la miaka ya kati ya vita, kwa kawaida ni chumba kimoja kirefu. Halina vyumba vya pembeni vya watakatifu, halina njia ya maandamano. Limejengwa kwa ajili ya sikio. Mimbari imeinuliwa na kusogezwa upande mmoja, altare iko mwisho, birika la ubatizo liko mahali ambapo kila mtu analiona, na mara nyingi nyuma juu kuna roshani ya kwaya. Msemaji bila kipaza sauti anasikika hadi benchi la mwisho. Paa la juu lenye mteremko mkali na dari ya mbao hufanya kazi ambayo leo tunaifanya kwa spika nne na mikwaruzo yake.

Tazameni madirisha. Yamefungwa juu kwa tao la matofali. Hilo tao watu wengi hudhani ni pambo la Ulaya, kumbe ni hesabu. Nondo ilikuwa ghali au haikuwapo, na bila nondo huwezi kulaza linta ya zege juu ya nafasi pana. Fundi akapanga matofali kwa mviringo, kila tofali likiegemea jenzake, mzigo ukateremka pembeni hadi msingini. Tao la namna hiyo likipangwa vizuri halishindwi na miaka mia. Ukuta wenyewe ni mnene. Huchelewa kupata joto mchana, na ibada ya saa nne asubuhi huwa na ubaridi ambao kanisa jipya la tofali za saruji na bati lisilo na dari haliwezi kuutoa hata likifungwa feni. Chini ya upenu huachwa matundu ya hewa: hewa ya moto hupanda na kutokea huko. Ndiyo maana ukiziba matundu hayo ili popo wasiingie, ndani kunakuwa tanuru. Weka wavu, usizibe.

Mbao zilitegemea mahali. Usambara na Kilimanjaro walikuwa na mkulo, mti wenye harufu ambayo wadudu hawaipendi. Pwani ya ziwa walipata mvule. Mawe ya msingi hayakuwa taabu kwa mtu yeyote wa nchi yetu hii. Chokaa ilichomwa au ikaagizwa, na palipokosekana chokaa matofali yalilazwa kwa udongo mtupu. Kengele ilisafiri mbali zaidi kuliko vyote. Kiwanda cha Bochum, Ujerumani, kilikuwa kikimimina kengele za chuma badala ya shaba kwa kuwa ni nafuu, na kikaziuza dunia nzima. Wazee wa kanisa, siku moja pandeni mnarani na tochi msome maandishi ya kengele yenu. Kengele nyingi zimeandikwa mwaka na mahali zilikotoka, na huenda hiyo ndiyo hati pekee ya usharika ambayo haikuliwa na mchwa.

Hapa nafika kwa mafundi, na ndiyo sababu niliomba waalikwe.

Ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa kwa udongo au chokaa hunywa maji ya mvua na kuyarudisha jua likiwaka. Maji yanatokea kwenye viungo, kwa sababu chokaa ni laini na ina vinyweleo vingi kuliko tofali. Kiungo kikichakaa, unakikwangua na kujaza tena. Tofali linabaki zima. Huo ndio utaratibu uliokusudiwa: kiungo ndicho kinachojitolea. Kisha anakuja mfadhili mwenye moyo mzuri, ananunua mifuko ya saruji, fundi anapiga lipu nje na ndani, wanamalizia kwa rangi ya mafuta. Kanisa linang'aa Pasaka moja. Lakini saruji ni ngumu na haipumui. Ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Yanapanda pia kutoka chini, hasa kama pembeni pote pamemwagwa zege na udongo hauwezi tena kukauka. Baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu inaanza kulia kama ngoma ukiigonga, halafu inabanduka vipande vikubwa pamoja na uso wa tofali, na ndani tofali limekuwa unga. Hapo kamati inakaa na kusema: mnaona, jengo limechoka. Jengo halikuchoka. Limekabwa na ukarabati.

Dawa yake haina fahari na haifai kuzinduliwa kwa utepe. Bandua saruji taratibu. Acha ukuta ukauke, na hilo linaweza kuchukua kiangazi kizima. Rudishia chokaa. Chimba mfereji wa kuondoa maji kando ya msingi. Tengeneza gata. Nasisitiza gata, kwa sababu nimeona makanisa yenye kinanda cha mamilioni na hayana gata. Palilia kuta zionekane, ili njia ya mchwa ikianza kupanda mtu aione. Kagua kenchi kila mwaka kabla ya vuli. Mtu mmoja mwenye ngazi, tochi na bisibisi ya kuchokonolea mbao anatosha kwa kazi hiyo.

Wenye asili ya Kagera wanataka kuniuliza kuhusu tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, watu wasiopungua 16 walifariki, maelfu ya nyumba yakaharibika, na ikabidi shule kongwe za Ihungo na Nyakato zifungwe ili zijengwe upya. Baada ya siku ile kila ufa umekuwa hukumu ya kifo. Naelewa hofu hiyo, na sitamshauri mtu yeyote aingize watoto wa Shule ya Jumapili chini ya ukuta unaoning'inia. Lakini ufa unasomwa. Kuna ufa wa zamani uliokwisha kutulia na kuna ufa unaotembea. Bandika kipande chembamba cha kioo au plasta juu yake, andika tarehe, rudi baada ya miezi. Kikiwa kizima, ufa umelala. Kikikatika, mwite mhandisi. Na yeye atawaambia jambo ambalo tetemeko lilitufundisha kote: tatizo la majengo yetu, mapya kwa ya zamani, ni kuta zisizoshikana. Ukuta wa pembetatu ulio chini ya kilele cha paa ukisimama peke yake, huanguka nje. Kanisa la zamani linaweza kufungwa kwa vyuma virefu vinavyopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, au kwa mkanda wa zege uliofichwa chini ya paa. Kazi hiyo inagharimu, na sitadanganya kwamba ukarabati ni nafuu kila mara. Wakati mwingine ni ghali kuliko kujenga. Hoja yangu haijasimama juu ya bei.

Wapo wanaoniambia: serikali italinda. Someni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu. Misheni ya Bagamoyo, ambayo Wakatoliki wanaihesabu kuwa mama wa misheni za bara, ilianza 1868. Walutheri, nimesema, 1887. Maana yake hakuna hata kanisa moja la Kilutheri nchini linaloingia katika ulinzi huo kwa umri wake. Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote kuwa la urithi, na hiyo njia ipo, lakini lazima mtu aombe, na anayeomba lazima awe na mchoro, picha na maelezo. Azania Front pale Dar es Salaam, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, kila mtu analiona akishuka kivukoni, kwa hiyo lina watetezi. Kanisa la mtaa wa mbali, lililoko mwisho wa barabara ya vumbi, mtetezi wake ni mkutano wa usharika na ofisi ya dayosisi. Basi.

Nataka niwapeleke Ufini kwa dakika chache, maana Wafini si wageni katika kanisa letu. Katikati ya nchi yao kuna kijiji kiitwacho Petäjävesi. Kati ya mwaka 1763 na 1765 wakulima wa hapo, wakiongozwa na fundi Jaakko Klemetinpoika Leppänen, walijenga kanisa la Kilutheri kwa magogo ya msonobari. Walichagua mahali ambapo maji yanakutana, ili watu waje ibadani kwa mitumbwi wakati wa kiangazi na kwa kukanyaga barafu wakati wa baridi. Mtu wa Ukerewe au Kome anaelewa nusu ya kwanza ya sentensi hiyo bila kufafanuliwa. Umbo lake ni msalaba wenye mikono sawa, na katikati juu kuna kuba la mbao. Mimbari imebebwa na sanamu ya Mtakatifu Kristofa aliyechongwa na mtu ambaye ni wazi hakusomea kuchonga. Mnara wa kengele uliongezwa mwaka 1821 na mjukuu wa fundi, Erkki Leppänen. Tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa kazi ya watu wa kijiji, waliokuwa wameyaona makanisa makubwa ya mawe wakayatafsiri kwa gogo na shoka.

Mwaka 1879 usharika ulikua, ukataka kanisa kubwa. Wakajenga, ng'ambo ya maji. Lile la zamani wakaliacha. Sikusema wakalitunza, wakaliacha tu. Kwa karibu miaka 50 lilikaa bila kazi ya maana, hadi miaka ya 1920 mwanahistoria wa sanaa kutoka Austria, Josef Strzygowski, alipolitazama na kuwaambia wenyeji walichokuwa nacho. Ukarabati ukaanza 1929. Mwaka 1994 UNESCO ikaliandika katika Urithi wa Dunia. Halijawekewa mitambo ya joto hadi leo, na watu huoa humo wakati wa kiangazi. Siri yote ya Petäjävesi, ukiondoa uzuri wake, ni kwamba kamati ya ujenzi ya mwaka 1879 ilipata kiwanja kingine.

Kiwanja kingine. Nalirudia kwa sababu ndilo ombi langu lote kwa kamati za ujenzi. Mkihitaji kanisa la watu elfu moja, jengeni la watu elfu moja. Usharika unaokua ni baraka na sina ugomvi nao. Lijengeni hatua hamsini kando. La zamani liwe darasa la kipaimara, chumba cha mazoezi ya kwaya, maktaba, ibada ya asubuhi ya wazee. Jengo linalotumika hufagiwa, na jengo linalofagiwa hukaguliwa bila mtu kujua kwamba anakagua. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi naona hapa mna nafasi ya kuwa na vyote viwili.

Kuna wanaosema Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono. Ni Maandiko, sibishani nayo. Lakini wanaoyanukuu kuhusu jengo la zamani huyasahau wanapoitisha harambee ya jipya.

Na jipya lenyewe lifanane na nini? Nendeni Bujora, hapa karibu na Kisesa, mkaone kanisa la duara ambalo Wakatoliki walijenga enzi za Padri David Clement, mwanzilishi wa makumbusho ya Wasukuma. Yule Mkanada aliitazama nyumba ya Msukuma na akaona inaweza kubeba ibada. Sisi Walutheri kwa sehemu kubwa hatujajaribu. Tunavunja kanisa la Kijerumani ili tujenge jengo linalofanana na duka kubwa la jiji fulani lisilojulikana. Hilo ni la mhadhara mwingine.

Nimalizie kwa mambo ya kutenda. Ukiletewa kadi ya mchango wa nyumbani mwaka huu, ahadi yako iandikwe na sharti lake: kwamba kanisa la zamani halitavunjwa kabla halijapimwa, na kwamba kamati imetafuta kiwanja kingine. Anayetoa fedha ana haki ya kuuliza, na mweka hazina akiona sharti hilo kwenye bahasha kumi atalipeleka mkutanoni.

Wahandisi, wasanifu, mafundi na wanafunzi wa ujenzi mlio hapa: katika vijiji vyenu kuna makanisa ambayo hayajawahi kuchorwa na mtu yeyote tangu yalipojengwa. Likizo ijayo chukueni futi ya kamba, daftari na simu. Pimeni urefu, upana, unene wa ukuta na upana wa madirisha. Pigeni picha kila ukuta, ndani na nje, kenchi na kengele. Waulizeni wazee ni nani waliofyatua matofali, mwandike majina yao. Nakala moja ibaki ofisi ya usharika, ya pili ipelekwe ofisi ya dayosisi. Kazi hiyo haihitaji kibali cha waziri wala mfadhili kutoka nje, na inahitaji kufanywa kabla ya mkutano mkuu ujao.